Maulidi Yaliyoonekana Kwenye Ramani

Nilikuwa kwenye duka la simu pale Mingoyo nikisubiri kubadilishiwa kioo, akaingia mama mmoja anayeimba kwenye harusi za huku kwetu. Mzee wa Kilangala aliyekuwa mbele yangu akashusha kofia hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee wangu. Umeoza binti, mbona sikuitwa?"

"Marahaba, mama. Tulisoma maulidi tu. Muziki hatukupiga kabisa."

Mama akaweka simu yake kaunta, akapanua ramani kwa vidole viwili. Wakili wake anafuatilia ukurasa wa mtandaoni unaogawa nyimbo zake bila ruhusa, na humtumia ramani ya mahali zinapopakuliwa. Upande wa Rondo kulikuwa na vitone vichache. Kilangala, siku ya harusi ile, palikuwa pekundu kama pilipili.

"Maulidi yenu yalinoga," akasema.

Mzee akashika kidevu. "Vijana hao, mama. Walikuja na spika."

"Na mdogo wake bibi harusi anaolewa lini?"

"Tukishauza korosho."

"Nakuja mwenyewe."

"Karibu sana," akajibu, akitazama mlango.

Zamani siri ya shughuli waliitunza wageni. Siku hizi wageni wanakuja na simu, na simu haina haya.

Mzee alipotoka, nikamuuliza mama kama kweli atamshtaki mwenye ukurasa.

"Namshtaki, tena nitashinda," akasema, akifunga simu kwenye pindo la kanga. "Ila yule mwizi, angalau, hajawahi kuniambia alisoma maulidi tu."