Mrisho na Mkwewe Ndani ya Ngalawa

Mume wangu Mrisho ni mvuvi hodari, hilo silikatai. Ubaya wake ni adabu iliyopita kiasi. Mwaka ule, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, mama yake alimpa binamu yao chumba changu, na Mrisho akatazama chini, akanyamaza. Nikarudi Kaole kwa baba yangu, Mzee Msabaha. Nilikaa mwezi mzima nikijifanya sijali, na kila hodi ikinishtua.

Baba hakutaka maneno mengi. Mrisho alipokuja kunitaka, baba alimwambia, "Kesho twende kuvua, nitakupigia kafi. Tukirudi nitakwambia kama mke unaye."

Asubuhi maji yalikupwa. Nilitoka na wanawake wenzangu kuokota chaza, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ngalawa yao, ukingoni mwa mwamba, karibu kiasi cha kuwasikia wakikohoa.

Mara mshipi ukakaza. Kolekole, tena mkubwa. Samaki wa namna hiyo havutwi kwa nguvu. Ngalawa ndiyo inayomchosha. Omo, mbele ya chombo, lazima limwelekee wakati wote, mshipi usipite chini ya chombo ukakwama kwenye mrengu, ule mti wa ubavuni. Kwa hiyo mwenye mshipi ndiye anayeamuru, na mpiga kafi hutii bila kuuliza.

Lakini utamwamrishaje mkweo?

"Baba, niwie radhi," nilimsikia, "kama si taabu, tungeelekea kulia kidogo..."

Alipomaliza kuomba radhi, samaki alikwishahamia kushoto. Baba akageuza kulia, taratibu, kama alivyoombwa. Mshipi ukaanza kuingia chini ya ngalawa. Kikapu kilinitoka mkononi. Mungu wangu, nilijisemea, mtu huyu atanipoteza kwa heshima zake.

"Baba, samahani tena..." Mshipi ukagusa mrengu.

"Kushoto!" Mrisho akanguruma. "Kushoto, mzee! Umelala?"

Wanawake wote tuliinua vichwa. Baba akapiga kafi kwa nguvu, ngalawa ikazunguka, mshipi ukaachia.

"Piga! Acha! Piga tena!"

Walimfuata samaki mpaka kwenye maji ya mchanga, mbali na mwamba, hadi akalala ubavu. Mrisho akamchoma chusa.

Walipofika pwani Mrisho alipiga magoti kwenye matope kumwomba baba msamaha. Tangu nizaliwe nilikuwa sijamsikia mtu akimfokea baba.

Baba alinawa mikono, hana haraka.

"Sitaki msamaha," akasema. "Huyo samaki mpelekee mama yako. Kisha mwambie chumba ni cha mkeo. Mwambie kwa sauti hiyo hiyo."

Mrisho alinitazama, akaitazama njia ya kwenda kwao. Hata mshipi ulipogusa mrengu sikumwona na hofu kama ile. Akajitwika samaki begani, akaondoka.

Nikamfuata, hatua kumi nyuma, mikono mitupu. Nguo zangu niliziacha kwa baba. Sikuthubutu kuzichukua kabla sijasikia atasema nini.