Kuni Kavu za Holi

Enzi zetu pale Kisarawe, mwezi ulikuwa na kazi. Siku hizi watu wanautazama ili waupige picha, picha yenyewe inatoka kidoti cheupe, wanaifuta. Sisi tulitumwa kuutazama. Bibi yangu mzaa baba, ambaye nyumbani tulimwita Ba na mtaa mzima ulimwita Mama Jayanti kwa jina la baba yangu, alikuwa akinituma uani jioni. "Hansa, kaniangalie umefika wapi." Nami nilirudi na taarifa yangu: umeliwa kidogo upande mmoja, au umebaki wembamba wa ukucha. Kwa taarifa hiyo Ba alijua kesho atakula nini na atajinyima nini.

Sisi ni Wahindi wa Kisarawe. Nalisema hilo kwa kujidai, maana wapo Wahindi wa Upanga wanaoamini kwamba ukishavuka Pugu dunia imekwisha. Babu alifungua duka la vitambaa pale mjini, baba akalirithi, na tulikuwa familia pekee ya Kihindu katika mtaa wetu. Hekalu lilikuwa Dar es Salaam. Kalenda ya ukutani yenye siku zetu za funga nayo ilitoka Dar, na mara nyingi ilitufikia mwaka ukiwa umeshaanza kuchakaa. Kwa hiyo dini ya nyumba yetu ilitegemea kichwa cha Ba na macho yangu.

Kule India, Ba alituhadithia, Holi, sikukuu yetu ya moto na rangi, na funga zinazoifuata huja wakati baridi inaondoka na miti inachanua. Kisarawe hatuna baridi ya kuondoka. Kwetu zilikuja na masika, wakati mikorosho inachuruzika maji, nguo hazikauki kambani, na njia ya kwenda shule imegeuka ugali. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa, tumbo langu linajua sikukuu zimekaribia.

Siku ya kumi na moja ya kila mwezi mchanga, na ya kumi na moja tangu mwezi uanze kupungua, Ba hakugusa nafaka. Si wali, si ugali, si chapati. Alikula viazi, karanga, maziwa, na zaidi ya yote muhogo, ule mweupe wa Msimbu unaopasuka ukiiva. Jambo hili lilimkera sana rafiki yangu Mwanahawa, mtoto wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Yeye alianza kufunga Ramadhani akiwa mdogo, na alijiona bingwa.

"Funga gani hiyo, mtu anatafuna muhogo?" aliniuliza. "Sisi hata mate tunatema."

"Nyie mnakula usiku kucha," nilimjibu. "Ba akifunga, hata usiku hali wali."

Tuligombana mpaka tukapelekana kwa mama yake, ambaye alikuwa akisuka ukili barazani. Mama Mwanahawa alitusikiliza wote wawili, kisha akatuambia kwamba anayetaka kushindana kwa njaa aende akalime. Kesi ikaishia hapo, nasi tukaenda kuruka kamba.

Baada ya Holi, mwezi mpya ukiandama, ndipo ulipokuja ule mwezi tuliouogopa, wa Chaitra. Ba aliacha chumvi mwezi mzima, na sisi watoto tulipangwa foleni asubuhi, tumbo tupu, kunywa maji ya maua na majani machanga ya mwarobaini. Alisema yanasafisha damu na kuzuia homa za masika. Mwanahawa alikuwa anapanda kwenye ndoo kuchungulia juu ya ukuta ili aone sura zetu. Siku moja Ba alimwona, akamwita kwa upole, akampa kikombe chake. Hakuchungulia tena. Watoto wa leo wakipewa dawa ya kikohozi yenye ladha ya stroberi wanaomba waongezewe sukari, nami nawatazama tu.

Siku ya tisa ya mwezi huohuo ni kuzaliwa kwa mungu wetu Rama, saa sita mchana. Baba alining'iniza sanduku dogo la nyuzi kwa kanga mbili, likawa susu, na sanamu yetu ndogo ya shaba ikalazwa ndani. Watoto wa mtaa waliingia mmoja mmoja kumbembeleza mtoto, kila mmoja akitoka na ladu, donge tamu la sukari na samli, mkononi. Wengine walirudi foleni mara ya pili, na Ba alijifanya haoni.

Lakini Holi yenyewe ndiyo mfalme. Asubuhi ya pili yake ni ya kupakana rangi. Rangi za dukani hatukuwa nazo, tulitumia binzari, na ikiisha tulimwomba Mama Mwanahawa ile rangi ya zambarau anayochemshia ukili wa mikeka. Ile haitoki. Nilikwenda shule na masikio ya zambarau mpaka mwalimu wa zamu akachoka kuniuliza. Siku hizi unga wa rangi unaoshwa kwa maji mara moja tu, na bado vijana wanavaa miwani kulinda ngozi ya macho.

Jioni inayotangulia rangi ndiyo ya moto. Mwezi ukiwa umejaa, kuni zinapangwa nje, chini ya anga, na moto unawashwa jua likizama. Watu wanauzunguka na maji, wanautupia bisi na tende, wanaweka nazi nzima kwenye makaa. Ba alishinda njaa siku hiyo kutwa. Sharti lake lilikuwa moja: hakiingii chakula kinywani mpaka moto uwake na auzunguke. Moto usipowaka, hali.

Sasa ulitokea mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, shangazi yangu akaja kutoka Dar na gari kumchukua Ba. Moja kwa moja, si kwa matembezi. Babu alikuwa ameshafariki, na shangazi aliona ni aibu mama yake kuzeekea mahali pasipo na hekalu. "Mama, hapa unafunga peke yako," alimwambia. "Kule utafunga na wenzako." Baba alikwenda kufunga duka, kwani dada mkubwa habishiwi. Ba alisema tu kwamba atawasha moto wake kwanza, kisha watazungumza. Mimi nililala nikilia, maana nyumba bila Ba sikuweza kuiwaza.

Siku ya Holi mvua ikaanza alfajiri. Si ya rasharasha, ile ya kumwaga. Kuni tulizokusanya uani zikalowa mpaka moyo, na baba akazimwagia mafuta ya taa mpaka chupa ikaisha, ikawa moshi mtupu. Saa kumi shangazi akaweka sanduku la Ba kwenye buti. Alisema wakiondoka wakati ule, barabara ikiwaruhusu, watauwahi moto wa hekaluni, na mama atakula. Alisema kwa huruma, sitamsingizia. Ba alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, midomo imemkauka, anaangalia ua.

Mwaka ule, mwezi mpevu wa Holi ulikuwa umeangukia Nisfu Shaabani, katikati ya mwezi unaotangulia Ramadhani. Ba alishanieleza mambo hayo: mwezi wa Waislamu unatembea, kila mwaka unasogea nyuma, na wetu tunauongezea mwezi wa ziada kila baada ya miaka michache ili usitoroke msimu wake. Kwa hiyo hukutana mara chache sana katika umri wa mtu. Siku hiyo Mama Mwanahawa naye alikuwa amefunga.

Alikuja amejifunika gunia kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama Mwanahawa," akaitika marahaba bila kunitazama.

"Mama Jayanti," alisema, "utakaa na njaa mpaka lini?"

"Mpaka moto uwake," Ba akajibu.

"Basi utawaka."

Akarudi kwake. Jikoni kwake, juu ya mafiga, kulikuwa na uchaga, na juu ya uchaga alipanga kuni zinazokaushwa na moshi wa kila siku. Zilikuwa kuni zake za masika, alizozikusanya kwa ajili ya kupikia futari mwezi mzima wa Ramadhani uliokuwa unakuja. Kila aliyekulia Kisarawe anajua kuni kavu za masika zina thamani gani. Alipanda, akazishusha zote. Alimpa Mwanahawa, Mwanahawa akanipa mimi juu ya ukuta, nami nikampa baba. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Baba akatandaza bati juu ya tope, akazipanga, akapiga kiberiti. Zilishika mara moja.

Ba akainuka na kopo lake la maji, akaanza kuuzunguka moto. Hajamaliza, adhana ya magharibi ikasikika. Akasimama. Kwa desturi yetu tende ya kwanza huenda motoni, na Ba hakuwa mtu wa kucheza na desturi. Lakini alichukua ile ya kwanza akamnyooshea Mama Mwanahawa.

"Wewe umeshaitwa," alimwambia. "Moto wangu unaweza kusubiri."

Mama Mwanahawa akasema bismillahi, akala. Ndipo Ba akatupa ya pili motoni, akamaliza mizunguko yake, akakaa, nao wakala pamoja kwenye sahani moja: tende, bisi, na ile nazi iliyookwa kwenye makaa, ambayo mpaka leo sijaonja kitamu kuishinda. Nikamwona Ba akimgeukia shangazi.

"Umeona nafunga na nani?" akamuuliza.

 Shangazi alikwenda kwenye gari, akafungua buti, akarudisha sanduku ndani mwenyewe. Ba aliishi Kisarawe mpaka mwisho wa maisha yake, na Ramadhani ile futari ya kina Mwanahawa ilipikwa kwa mkaa alionunua baba. Najivunia wanawake wale wawili kuliko chochote nilichorithi.

Leo nina duka langu la vitambaa Kibaha, pale Kwa Mathias. Muhogo wa funga nanunua sokoni, maziwa yanatoka kwa wafugaji wa Magindu, na mwezi hauna tena kazi, kwani simu ya binti yangu Riya inalia yenyewe kutangaza siku ya kumi na moja. Simu inajua tarehe zote. Haijui mwezi wa masika unanukaje, wala haijawahi kumpandia mtu uchagani. Tulikuwa na vichache, lakini njaa ya mmoja ilijulikana mpaka upande wa pili wa ukuta. Siku hizi tuna kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu, na hatujui jirani amekula au hajala.

Juzi Riya alinishauri tuwe watu wa kisasa. Twende kwenye Holi ya Dar, akasema, kuna maegesho, kuna muziki, na rangi zao hazichafui viti vya gari. Nilimpa simu yangu asome ujumbe ulioingia asubuhi kutoka kwa Mwanahawa, ambaye bado yuko Kisarawe, sasa ana wajukuu na anapikia gesi.

"Shoga, mwezi unajaa. Kuni kavu zipo, nimezifunga kwenye nailoni nyuma ya mlango. Nami nimefunga. Msichelewe adhana."

Riya alisoma, akasoma tena. Halafu akaenda kabatini kutafuta tende.

"Mama, zinatosha hizi?"

"Beba zote," nikamwambia. "Ya kwanza ni ya Mwanahawa."