Langilangi Lililobaki Kwenye Kamera

Jumatatu ya mwisho ya Shabani, mwaka jana, mke wangu alifariki. Presha ilimpanda akiwa uani anaanua nguo, na bajaji ya kumpeleka hospitali ilipofika alikuwa keshatutoka. Watu walikuja wakaniambia nimempoteza mwenzangu, nguzo yangu, na mengine mengi. Niliyaitikia yote. Mimi nilichokiona ni kwamba kitanda kimekuwa kipana, na hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Mimi ni fundi baiskeli, hapa Ngamiani, na nimeishia darasa la saba. Mke wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye studio ya picha za pasipoti. Simu zilipowamaliza wateja, mwenye studio alimpa kamera moja ya zamani na lenzi zake kuwa ndiyo kiinua mgongo. Badala ya watu akaanza kupiga picha za maua. Si ua zima, ambalo hata mimi ningelielewa. Alikuwa anaigeuza lenzi nyuma mbele, anaifunga kwenye kamera, kisha anaingia nayo katikati ya ua, mahali padogo kama kichwa cha kiberiti, kwenye vile vijiti vyenye chavua.

Reli ya kuisogezea kamera nilimtengenezea mimi. Nilitafuta skrubu ndefu yenye meno membamba, nikaifunga kwenye kipande cha chuma. Ukiizungusha kidogo tu, kamera inasogea unene wa unywele. Siku nilipompa alinipikia ugali wa bada na samaki wa kukaanga, na mimi nikala nikidhani kazi hiyo tutaifanya pamoja.

Haikuwa hivyo, kwa sababu akampata mwalimu. Alikuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, mama wa Kisambaa, Mlutheri, anakaa Chumbageni. Walijuana pale studio. Kila Jumamosi alikuja na kompyuta yake na maua ndani ya kikontena cha plastiki, yamezungushiwa kitambaa chenye maji. Wakiingia chumbani wanafunga dirisha na kuzima feni, maana upepo mdogo unalitikisa ua na kazi yote inaharibika. Hata mtu akitembea sakafuni wanamjua.

"Nani huyo anatembea?" mke wangu aliuliza kwa ndani.

"Mwenye nyumba," nilijibu.

"Mwenye nyumba akae barazani. Ua linacheza."

"Na kupumua upunguze, shemeji!" mwalimu akaongeza, na wote wawili wakacheka.

Nikakaa barazani kwangu kama mgeni aliyekuja kudai. Nikasikia kamera inalia, kimya, inalia tena. Halafu minong'ono. Halafu kicheko cha mke wangu, na mimi sikuwahi kumchekesha hivyo. Nilikuwa na wivu, na sina jina jingine la kuliita jambo lile. Mwalimu angekuwa mwanamume ningejua la kufanya, ningegomba na majirani wangenielewa. Lakini utamwambia nani kwamba unamwonea wivu shoga wa mkeo, na ua?

Wakimaliza waliniita kutazama picha iliyokamilika kwenye kompyuta. Nilisema "nzuri" na kurudi kwenye spoku zangu. Sikuuliza inavyofanyika. Nilitaka niambiwe bila kuuliza.

Mwalimu alikuja msibani, akakaa ndani na wanawake siku zote tatu. Siku ya kuondoka alinifuata nje, chini ya turubai, macho yamevimba.

"Pole, shemeji. Kwenye kamera kuna lile ua, langilangi letu la Jumamosi. Hatujaliunga. Ukinipa kadi nitaliunga."

Langilangi letu. Ndivyo alivyosema, na mimi nimetoka kumzika mke wangu. Nilimjibu, "Tutaona." Kamera nikaifungia kabatini.

Arobaini ilipopita na wageni kutawanyika, niliitoa. Nilitaka kitu cha mwisho alichokitazama mke wangu kifike kwangu bila kupitia Chumbageni. Nilitaka niisafishe picha ile, niitie kwenye fremu, na mwalimu aione siku atakayokaribishwa, ikiwa atakaribishwa. Nikaiwasha kamera. Picha zilikuwa nyingi, zote za ua lilelile, na zote mbaya. Ukungu mtupu, na ndani ya ukungu kamstari kembamba kanakoonekana vizuri. Nikafikiri, masikini, alikuwa ameshaanza kuumwa, mkono haukutulia, na yule mwenzake hakumwambia.

Ukifungua kitovu cha baiskeli unazimwaga gololi zake kwenye kitambaa, unazichambua, zilizolika unazitupa zisije zikaharibu nzima. Ndivyo nilivyofanya. Nilifuta zenye ukungu mwingi, nikaacha chache zilizoonekana afadhali, nikaipeleka kadi studio.

Mwenye studio sasa anatoa fotokopi zaidi kuliko picha. Aliniamkia, akachomeka kadi, akatazama.

"Mzee, hizi ni vipande. Nyingine ziko wapi?"

"Zilikuwa mbovu. Nimezifuta."

Akashika kichwa. "Hakuna iliyokuwa mbovu. Lenzi ikikaribia hivyo haioni ua zima. Inaona kamstari kamoja tu, kwingine kote ukungu. Ndiyo maana marehemu alikuwa anapiga moja, anasogeza, anapiga nyingine, mpaka mwisho wa ua. Halafu kompyuta inachukua kale kamstari safi ka kila picha, inaiunga yote."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usipige chochote kwenye kadi hii. Zilizofutwa huenda zikarudi. Lakini mashine yangu hii haiwezi. Mpelekee yule mwalimu."

Nilitamani anitajie mtu mwingine yeyote. Nikapanda baiskeli.

Mwalimu alinikaribisha, akamimina chai kabla sijaongea. Nilipomweleza aliweka birika chini.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Zote?"

"Zenye ukungu."

"Zote zina ukungu, shemeji. Ndiyo kazi yenyewe."

Hakunisema zaidi ya hapo, na ningependa angenisema. Alichomeka kadi kwenye kompyuta, akafungua programu moja, tukakaa. Picha zikaanza kurudi, moja moja. Nyingi zilirudi. Chache hazikurudi. Akaziweka kwa mpangilio, akaziunga, na polepole kile kiini cha langilangi kikajaa kwenye kioo. Vichwa vya njano na kijani vilivyobanana, kila kimoja na vumbi lake, na katikati utomvu unang'aa. Upande mmoja tu ulikuwa na mkanda wa ukungu, pale nilipopitisha mkono wangu.

Sikuwahi kuiona picha yao yoyote kwa muda mrefu namna ile. Ilikuwa nzuri kweli, na uzuri wake ndio ulionichoma.

"Nipe mimi," nilisema. "Na kwako ufute."

Alinigeukia. "Nifute?"

"Ibaki kwangu peke yangu. Ni mke wangu."

"Ni mkeo, sikatai. Wewe ulikuwa naye kila siku ya Mungu, shemeji. Mimi nilikuwa na Jumamosi. Hii sifuti."

"Reli niliitengeneza mimi."

"Na langilangi nililichuma mimi, mtini, na magoti haya mabovu."

Nilimaliza chai yangu, kwa kuwa kuiacha kungekuwa matusi, nikatoka bila kuaga. Sijui kama hilo si matusi zaidi.

Kabla sijafika Ngamiani alikuwa keshanitumia picha kwenye simu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaikuza, nikaipitia upande mpaka upande. Kulikuwa na vitu ndani yake ambavyo sikuwa na majina yake. Nikampigia.

"Hivi vichwa vya njano vilivyobanana," nilimuuliza, "vinaitwaje?"

Alianza kucheka, akajizuia.

"Kwenye kitabu nitakutafutia. Yeye alikuwa anaviita kikao cha vikoba. Ati wanawake wote wamelizunguka sanduku la akiba yao, hakuna anayemwamini mwenzake."

"Aliviita hivyo lini?"

"Siku zote, shemeji. Tangu ua la kwanza. Ndicho kilichokuwa kinatuchekesha mle ndani."

Nikasema asante, nikakata simu.