Jina la Levi Orwig

Hosea Rupp alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, lakini watu wa Kerrstown walimjua zaidi kwa sauti yake. Kila mwisho wa Mei, siku ya kupamba makaburi ya askari, alipanda jukwaa la mbao, akavua kofia, akaitoa kwa kichwa ile hotuba aliyoitoa Rais Lincoln kule Gettysburg vita vya Marekani, vya Kaskazini na Kusini, vilipokuwa vimepamba moto. Si hotuba ndefu, lakini kinywani mwa Hosea ilitosha kuwaliza wanawake, na wazee waliorudi kutoka vitani na viungo pungufu walisimama wima kama vijana. Akimaliza, alisoma majina ya marehemu yaliyochongwa kwenye jiwe la mji. Majina thelathini na moja. Alifanya hivyo miaka kumi na miwili.

Mwaka 1893, watu walipoanza kutawanyika, mwanamke mmoja mwembamba, amevaa nguo nyeusi ya safari, alimsogelea akiwa na maua meupe yaliyofungwa kwa uzi.

"Samahani, bwana. Umesoma majina yote?"

"Yote, mama. Hata moja sikuliruka."

"Basi labda ni masikio yangu. Sikumsikia Levi Orwig. Mimi ni dada yake, Savilla."

 Jina hilo Hosea hakuwa amelisikia likitamkwa kwa miaka ishirini na tisa.

Mwaka 1864 kura ya kuchagua wa kupelekwa vitani ilimwangukia Hosea. Alikuwa na miaka thelathini na moja, duka lake lilikuwa jipya, na aliogopa. Kuogopa kwenyewe hasa, kwa kukosa usingizi na kuharisha. Sheria ilimruhusu mtu kumlipa mwingine aende badala yake, na dalali mmoja akamletea kijana wa miaka kumi na tisa kutoka machimbo ya makaa ya mawe, mrefu, mwenye masikio mekundu. Walipopeana mikono kijana alicheka, "Usihofu, kaka. Mimi nina miguu mirefu. Ikibidi kukimbia, nitakimbia na kwa niaba yako." Miezi mitatu baadaye aliuawa Petersburg, Virginia, na kaburi lake halikujulikana.

Mji ulipochanga kusimamisha jiwe, Hosea ndiye aliyekuwa katibu wa kamati. Orodha ya jeshi ya waliouawa ikaja kwa posta mikononi mwake, na Levi Orwig alikuwamo, kwa kuwa aliyekwenda badala ya mtu wa Kerrstown alihesabiwa kuwa askari wa Kerrstown. Hosea alijua swali litakalofuata: huyu Orwig ni nani, na alikwenda badala ya nani? Akainakili orodha upya, akaliacha jina hilo nje. Huyu si mtu wa hapa, alijiambia. Hakuna aliyeuliza.

"Karani wa jeshi aliniandikia kwamba alikuwa wa mji huu," Savilla alisema. "Kaburi lake sijaliona. Nikasema, basi nikaone jina."

"Nitaangalia kwenye daftari," Hosea akadanganya.

Wakati huo mkewe, Lovina, alikuwa amefika. Walioana baada ya vita, naye hakuwa akijua lolote. "Mama wa watu ametoka mbali hivi halafu aondoke na njaa? Twende nyumbani, treni bado."

Basi Savilla akaketishwa mezani kwa Hosea, akapakuliwa nyama ya nguruwe na viazi, na pai ya tufaha ikamngoja pembeni. Alikula kidogo, kwa adabu.

"Nifafanulie, bwana," alisema, "maana mimi sikusoma sana. Pale Rais Lincoln anaposema dunia haitayakumbuka maneno yetu, ila haitasahau walichokitenda wao. Ana maana gani?"

Swali hilo Hosea alikuwa amewajibu watoto wa shule mara nyingi. Akaanza kwa sauti yake ileile ya jukwaani: "Maana yake, mama, sisi tunaosema si kitu. Wenye heshima ni wale waliotoa..."

"Hapa naona imekuwa kinyume," Savilla akasema kwa upole, bila kumsuta. "Toka nishuke stesheni kila mtu ananiambia, kamsikilize Bwana Rupp, kamsikilize Bwana Rupp. Levi hakuna anayemjua."

Hosea akaweka uma chini.

"Vipi wewe? Mbona umebadilika rangi?" Lovina akauliza.

"Joto tu."

Alimbebea Savilla mkoba hadi stesheni. Njiani alilianza neno mara tatu na mara tatu akaishia kusema habari za mvua. Treni ilipoonekana kwenye kona, mbele ya wachukuzi na watu waliokuwa wakiagana, likamtoka.

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Levi alikwenda badala yangu. Na jina lake, mimi ndiye niliyeliondoa."

Savilla hakupiga kelele. Aliuliza jambo ambalo Hosea hakulitegemea. "Ulimwona siku hiyo? Alikuwaje?"

Akamweleza: masikio, miguu mirefu, ule mzaha wa kukimbia. Savilla alicheka mara moja, kicheko kikavunjika njiani. "Ndiye. Ndiye huyo." Akajifuta macho. "Kwenda, alikwenda kwa hiari yake. Pesa zako ziliezeka paa la mama. Kwa hilo sina neno nawe. Lakini kumficha, bwana! Alikukosea nini?"

 Hosea alinyoosha mkono kuaga. Savilla aliuchukua mkoba wake, akapanda.

Kesho yake Hosea alimwambia Lovina, na wiki hiyohiyo akasimama mbele ya kamati. Kapteni Teeter, aliyepoteza mkono vitani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka.

"Miaka kumi na miwili unatutoa machozi, Rupp! Na mimi na mkono wangu mmoja nakupigia saluti! Unafaa kuuza dawa za uongo sokoni, wewe."

Wengine wakaguna. Mmoja alikaa akitazama viatu vyake, na Hosea alikumbuka kwamba huyo naye hakwenda vitani. Jina likaamriwa lichongwe. Wateja kadhaa walihama duka lake. Siku nne Lovina alimpakulia chakula na kwenda kula jikoni, ya tano akasema, "Hukuniumiza kwa kuogopa. Nani hakuogopa? Umeniumiza kwa kusimama pale juu."

Mei iliyofuata mwalimu wa shule ndiye aliyetoa hotuba, akisoma kwenye karatasi, akijikwaa. Hosea alisimama nyuma kabisa, karibu na uzio. Pale inaposemwa kwamba walio hai ndio waliobakiziwa kazi, yeye alizoea kupandisha sauti kwa sababu maneno yalikaa vizuri mdomoni. Safari hii aliyasikia. Ilikuwa amri, tena alikuwa amepewa yeye, akaigeuza wimbo.

Savilla alikuja. Alipitisha kidole kwenye herufi mpya, moja moja, akamwomba mwalimu alisome jina tena. Akipita uzioni alisimama.

"Bwana Rupp."

"Bibi Savilla."

Hakukuwa na zaidi. Alikwenda zake, na Hosea akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya ghala, masikio yakimwaka moto, ili asikutane na mtu.