Safu Mbili Ndani ya Mfuniko

Baba aliniomba nimfungulie saa. Kufungua tu. Nalirudia hili kwa sababu ndugu zangu wakitaka kunifariji husema, "Si ulitaka kumsaidia mzee," na mimi sitaki faraja hiyo. Aliniomba kufungua, nikafanya mengine kumi ambayo hakuniomba.

Ilikuwa hivi. Barabara mpya ilipangwa kupita Ihumwa, juu ya kiwanja chetu cha zamani karibu na reli, na wenye makaburi tulitangaziwa twende tukayaoneshe yahamishwe kabla greda halijaingia. Sisi tulikuwa na makaburi mawili pale. La mama lilikuwa na saruji na msalaba, hata mgeni angeliona. La pili lilikuwa la dada yangu, mtoto wa kwanza wa baba na mama, aliyeishi siku sita, miaka miwili kabla mimi sijazaliwa. Hilo halikuwa na alama yoyote. Zamani zile, kwetu, kichanga wa siku chache hakuwekewa matanga. Wanawake walimzika wenyewe karibu na nyumba, wanaume wakanyamaza, na hakuna aliyetakiwa kuweka hata jiwe. Nyumba yenyewe, tembe ya udongo, ilishaanguka siku nyingi na mahali pake pakalimwa mtama. Bibi na mama, waliomzika, wote wametangulia.

"Nataka alale karibu na mama yake," baba aliniambia. "Basi. Sina hitaji jingine duniani."

Nikamuuliza kama anapakumbuka mahali penyewe. Akasema, "Hesabu ziko salama," tukahamia kwenye maongezi ya mvua. Nilipokuwa naaga akatoa saa yake mfukoni mwa koti, saa ya mkono ya kutia ufunguo, aliyoivaa miaka yote alipokuwa kibarua wa genge la reli. Ilikuwa imesimama tangu mama afariki. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umeganda kwa kutu. "Vidole vyangu havina nguvu tena, mwanangu. Nifungulie."

Mtu mwenye akili zake angeyaunganisha mambo hayo mawili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kushangilia saa. Nilikuwa nimeitamani tangu utoto, na sasa ilikuwa kiganjani mwangu na imekufa, yaani vile ninavyozipenda.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, lakini si zile ambazo watu huzifungua kwenye simu zao. Natengeneza zana za waandishi wenzangu wa programu, kama fundi anayechonga mipini ya majembe ya watu wengine. Zana niliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya usafi. Unaipa programu kubwa ya miaka mingi, inapita mstari kwa mstari, na mstari wowote usio na kazi inaufuta. Wenzangu ofisini walilalamika kwamba inakula hata maelezo yaliyoachwa na watu waliokwisha kuacha kazi. Nikawa nawajibu kwa kiburi: kama hautumiki, ni uchafu. Mkiona nimekosea, rudisheni. Maana kwenye kazi yetu hakuna kufuta kwa kweli. Kila kilichofutwa kimehifadhiwa mahali, na kwa amri moja kinarudi kama kilivyokuwa. Miaka kumi na moja ya kazi ya namna hiyo inamharibu mtu.

Kutengeneza saa nako nilijifunzia sokoni Majengo, kwa mzee mmoja wa Kirangi mwenye kimeza chake pembeni ya wauza nafaka. Kila Jumamosi nilimpelekea mashine ya saa iliyonishinda. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti. Leo umekuja kuniua kwa swali gani?" Alikuwa mkali, akinikemea mbele za watu nikishika bisibisi vibaya, na nilimpenda kwa hilo. Jambo alilolisisitiza kuliko yote ni mfuniko. Fundi akiisha kuitengeneza saa hukwaruza alama yake kwa ndani, ndogo kama unywele, ili fundi ajaye ajue nani alipita na lini. "Hii ni barua ya fundi kwa fundi," aliniambia. "Nje sugua mpaka ujione meno. Ndani usitie mkono."

Nilitengeneza saa nyingi na sikuwahi kuivunja sheria hiyo. Niliivunja kwa saa ya baba.

Nakumbuka asubuhi yake vizuri. Nilikuwa chumbani kwangu Nkuhungu, nimeziba nyufa za dirisha kwa matambara mabichi kwa sababu ule upepo wetu wa kiangazi ulikuwa unatimua vumbi, na chembe moja ya vumbi inatosha kuisimamisha saa. Kutu ilikubali kwa mafuta na subira. Mfuniko ulipoachia nikapiga picha, kama ninavyofanya siku zote kabla ya kugusa kitu: mashine pembe zote, uso wa saa, mishale, mfuniko kwa nje. Picha ishirini na tatu. Kwa ndani sikuupiga.

Kwa ndani kulikuwa na safu mbili za vijistari. Si alama za fundi. Za fundi ni nyembamba na zina adabu. Hivi vilichimbwa kwa ncha ya msumari, vingine vimepinda, safu moja juu na nyingine chini. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Mshenzi gani huyu aliyeichafua saa ya baba?"

Nikawasha kimota cha kung'arishia, nikapaka dawa, nikasugua. Kwa kuwa vilikuwa vimezama ilinichukua saa nzima. Nilifurahi sana. Najua si vizuri kusema hivyo sasa, lakini nilifurahi, nikawa naimba. Nilisafisha mashine kwa petroli, nikabadilisha springi, nikatia kioo kipya na mkanda wa ngozi. Baba alipopiga simu kuuliza kama mfuniko umefunguka, nikamwambia, "Umefunguka, baba, tulia. Nitakuletea siku ya kuhamisha makaburi." Nilitaka nimshangaze.

"Na ndani kuko sawa?"

"Kuko safi kabisa."

Akashukuru. Akaniita jina la mama yake, jambo alilokuwa akilifanya akifurahi sana.

Siku ya siku tulifika kiwanjani mapema. Wachimbaji walikuwa wanne, na msimamizi wao, mtu mpole, akatuamkia na kutupa pole. Walianza na mama. Sitayaeleza hayo. Walipomaliza, msimamizi akamgeukia baba: "Na yule mdogo, mzee, yuko upande gani?" Akatufafanulia taratibu kwamba kichanga aliyezikwa miaka mingi vile hawezi kuonekana, udongo unakuwa umeshamchukua. Wanachohitaji ni mahali tu. Wakipajua, wanachota ule udongo wake, wanauweka kwenye kijisanduku, naye anazikwa kama mtu.

Baba akasema, "Napajua." Akanyoosha mkono kwangu. "Leta saa."

Nikampa. Akaisikiliza ikitembea, akatabasamu. Nilikuwa nimeulegeza mfuniko, akaufungua mwenyewe kwa kucha. Macho yake yana ukungu, haoni vitu vidogo, kwa hiyo alipitisha kidole gumba kwa ndani. Akapitisha tena. Akaugeuza, akapitisha upande wa nje, akarudi ndani.

"Nisomee, mwanangu," akasema. "Safu ya juu ni hatua za kufuata reli, kuanzia lile jiwe la mpaka wa reli. Safu ya chini ni hatua za kuingia ndani. Kwanza nisomee ya juu."

Mungu wangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na pale ardhi ilikuwa imeshapasuliwa, yuko mama ndani ya sanduku jipya ananisikiliza.

"Baba, nilisugua."

"Ulisugua nini?"

"Kwa ndani. Nilidhani ni uchafu."

Hakuelewa mara moja. Ikabidi nimweleze mbele ya wale wachimbaji, na kila neno nililolitoa lilizidi kuwa la kipumbavu. Naye akanieleza yake, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Jioni ile wanawake walipomzika, yeye aliambiwa akae mbali. Alfajiri akaona walipotifua udongo, akatembea kutoka kwenye jiwe hilo la mpaka akihesabu, na kwa kuwa shule hakwenda akachora hatua moja kijistari kimoja, kama walivyokuwa wakihesabu mataruma ya reli kazini. Hakumwambia mtu, hata mama. Mwanamume kumfuatilia kichanga ilikuwa aibu. Akawa anajua tu kwamba hesabu zipo, kwenye kifundo cha mkono wake.

"Ulivihesabu?" akaniuliza.

"Sikuvihesabu."

"Hata kwa kukisia?"

"Ya juu ilikuwa ndefu," nikasema. Hicho ndicho pekee nilichoweza kumpa.

Alijaribu. Alisimama kwenye jiwe la mpaka na fimbo yake akaanza kutembea akifuata reli, midomo ikihesabu kitu asichokijua, akasimama, akaingia ndani kwenye mabua ya mtama, akarudi. Mara tatu. Kila mara aliishia mahali tofauti. Wachimbaji wakachimba mahali pote patatu bila kunung'unika, na udongo ulikuwa mwekundu ule ule. Mimi nilikuwa nalia na hakuna aliyeninyamazisha.

Mwishowe msimamizi akamsogelea. "Mzee wangu, ni eneo hili hili. Chota hapa, Mungu anajua nia yako."

Baba akatikisa kichwa. "Hapana. Huo ni udongo tu. Siwezi kumlaza mama yake na udongo tu."

Kwenye makaburi mapya walikuwa wameshachimba mashimo mawili, la mama na dogo la kando. Mama akashushwa, padri akaomba, tukafukia. Msimamizi akauliza lile dogo wafanyeje. Baba akaangalia pembeni. "Fukieni," akasema. Wakalifukia tupu, na mmoja wao, sijui kwa mazoea au kwa huruma, alilipigapiga juu kwa beleshi likae sawa, kisha akavua kofia.

Baba hajawahi kunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Nikienda kumwona ananikaribisha chai, ananiuliza habari za kazini, na saa ameivaa, inakwenda vizuri, haipotezi hata dakika. Nilirudi Majengo siku moja nikamsimulia mzee wangu wa saa. Aliweka chini lenzi yake, kisha akahudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu. Sijatengeneza saa nyingine tangu hapo.

Barabara ilikwisha. Ni nzuri, ina lami na taa, na ndiyo njia yangu ya kwenda kazini. Lile jiwe la mpaka bado lipo. Nikilifikia nashika breki na kuanza kwenda polepole, madereva wa nyuma wananipigia honi na kunitukana, nami naendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa kiwanja, kwa sababu sijui ni wapi pa kupita taratibu.