Alinipita Chini ya Leso Akijua Ni Mimi

Admin, tafadhali nifiche, maana hata wanafunzi wangu wanasoma hii page. Nina miaka ishirini na saba, nafundisha Kiingereza katika shule ya wasichana karibu na Othaya. Nimechumbiwa na mwanamume nitakayemwita Muriuki, mwenye duka la spea za magari Karatina. Harusi ya kanisani imebaki wiki tatu.

Muriuki ni mcheshi. Mimi ni mrefu na mwembamba, na tangu tujuane ananiita mlingoti wa stima. Tukiwa wawili nilipenda, nikamwita kisiki, tukacheka. Lakini marafiki zake wakiwepo sauti yake hubadilika, na mimi nakuwa kichekesho cha meza. Nikinuna ananiambia, "Wee madam, I'm just teasing. Si ni wewe unafundisha hizo vitu?"

Kweli nafundisha. Muhula huu niliandika ubaoni maneno matatu: banter, tease, mock. Nikaeleza kwamba la kwanza ni la watu wanaorudishiana, la pili ni la kumchokoza mtu unayempenda, la tatu ni la kumdharau. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Na kama yeye anasema ni tease, lakini wewe unasikia ni mock?" Nikamwambia tutalijibu kesho. Sijawahi kulijibu.

Siku ya ruracio, yaani ya kuleta mahari, watu wa kwao walipokuja nyumbani kwetu, tulifunikwa leso wasichana watano kutoka kichwani hadi vifundoni, tukasimamishwa mstari mbele ya hema. Mnaijua desturi: bwana lazima amtambue wake, akikosea anatozwa mbuzi. Shangazi zangu walikuwa wamechagua warefu makusudi ili ababaike. Nilimhurumia, kwa hiyo siku iliyotangulia nikampigia simu kwa siri. "Angalia viatu vya kijani, vile ulininunulia."

Nikiwa ndani ya leso niliona viatu vyake vikisimama mbele ya vyangu. Akanishika bega. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Huyu hapana! Huyu ni mlingoti wa stima, mimi nilikuja kutafuta bibi!" Hema ikalipuka. Akaenda kumfunua binamu yangu Wanjiku, ambaye tangu utotoni husifiwa kuwa ndiye mrembo wa ukoo. "Aii, na huyu? Wazee, si mnibadilishie tu?"

Wazee wakacheka. Baba yangu akacheka. Nami nikacheka humo ndani, ili mabega yangu yakitetemeka ionekane ni kicheko. Aliponifunua hatimaye uso ulikuwa umelowa, na MC akapiga kelele, "Machozi ya furaha hayo!"

Baadaye nilimvuta kando ya tangi la maji. Nikamuuliza, "Viatu uliviona?"

"Niliviona. Sasa ningekuchukua mara moja, watu wangecheka nini? Na mbuzi si nitalipa?"

Ndugu zangu, nilikuwa nikiomba aseme hakuviona. Angekosea kweli, ningecheka hata leo.

Nilimweleza mama tukisugua sufuria. Akasema, "Hanywi, hakupigi, kanisani anaenda. Utamwacha kwa sababu amechekesha wageni? Watu nitawaambia nini?" Nikijaribu kuisema hadharani inakuwa kitu kidogo sana, mtu alifanya mzaha kwenye sherehe, basi. Lakini video inazunguka kwenye group ya familia, na marafiki zake sasa wanamwita Wanjiku "spea". Muriuki huwajibu kwa vikatuni vya kicheko. Wanjiku mwenyewe ameacha kuja kwetu.

Nimemwambia mara mbili kwamba niliumia. Mara ya kwanza alinikumbatia akasema ni kusoma sana kunakonifanya nichukulie mzaha kwa uzito. Mara ya pili alimwigizia mama yake vile nilivyosema, na sauti yangu na yote. Mama yake alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Matangazo yetu yamesomwa kanisani mara mbili. Jumapili hii ni la tatu, na pasta atauliza kama kuna yeyote mwenye pingamizi. Nitakuwa nimeketi mbele, karibu na Muriuki, nimevaa viatu vya kijani kwa sababu ameniomba nivivae. Watu wote wanadhani ninajua maneno. Mliooa na mlioolewa, mnisaidie kabla ya Jumapili: huyu mtu ananipenda, au ananicheka? Ninyamaze, au nisimame?