Leo sauti ya babu yenu karibu ifutwe

Wajukuu wangu, tangu Idi hamjakanyaga hapa. Hata mbuzi aliyepotea hurudi bomani.

Sasa sikieni ya leo.

Kompyuta ya dukani ilikataa kuwaka. Fundi akasema, "Shosho, mfumo umeharibika. Nafuta, naweka mwingine."

"Na mzee wangu?"

Maana sauti ya marehemu babu yenu, akiita ngamia wake kwa majina, iko humo tu.

"Sijui, shosho. Wacha niangalie."

Nikashika meza.

Kumbe mama yenu mdogo Halima alikuwa ameigawa hiyo kompyuta ndani sehemu mbili: mfumo huku, vitu vyetu kule. Eti alinisikia nikisema ngamia wote hawalali boma moja, wengine wapelekwe malisho ya Sericho, ukame usije ukamaliza wote.

Fundi akafuta huku, kule hakugusa. Akaiwasha sauti, babu yenu akaita ngamia, duka zima likasogea kusikiliza.

Lakini bado naogopa. Sehemu ni mbili, sanduku ni moja. Likiungua, vyote vimeenda.

Mkija, kila mtu abebe flashi yake. Hakuna chai kabla hujamchukua babu yako ukae naye kwako.